Pojo Zilizotufungia Pesa

Minneapolis, Marekani
Disemba, 1999

Dada yangu Mghoi,

Pokea salamu za mtu ambaye furaha imemnyima usingizi. Hujambo wewe? Shemeji Mwadime hajambo? Kifua chake kimepoa, au bado anakohoa akisingizia vumbi la barabara ya Maungu? Mvua za vuli zimewafikia huko Rukanga, au zimeishia juu mlimani Kasigau kama kawaida yake, zinawaonyesha wingu halafu zinakwenda zake? Na ndovu, wameshuka tena shambani au mwaka huu wameridhika na majani ya mbugani? Mimi sijambo. Baridi ya huku imenila masikio yote mawili, lakini moyoni nina joto, na sababu utaijua.

Habari ni njema. Nalisema hilo mapema ili usije ukashika kifua. Lakini mwisho sitautoa kabla ya mwanzo, hata ukinuna, maana nakujua. Nikiandika mwisho hapa juu, utaikunja barua, ujifunge leso na kukimbilia kwa Mama Samba, na maneno yangu mengine yabaki ndani ya bahasha. Na humo kwenye hayo maneno mengine kuna jambo ambalo ni lazima ulisikie kabla hujafungasha kikapu kingine hata kimoja. Tena najua barua hii utawasomea kina mama wote wa vikapu, pale nje ya kanisa, kwa hiyo nitaeleza kila kitu kana kwamba hakuna aliyesikia lolote.

Kina mama, hamjambo nyote? Mama Samba, wewe nakusalimu peke yako, kwa mkono wa kulia. Nasikia cherehani ya marehemu mama yetu inakaa vizuri kwako, na kwamba umeitandikia kitambaa cha maua. Asante kwa kuitunza. Sikukasirika ulipoiomba iwe rehani, na wala sisemi hivyo kwa kejeli. Mtu ametoa vikapu vyake kumi kwa neno la jirani tu, miezi imepita, senti haijaonekana, na wenzake wanamnong'oneza kwamba Mghoi na yule nduguye wa Marekani wamezila hizo pesa. Hata mimi ningetaka kushika kitu. Lakini nawaomba mnisikilize jinsi pesa hizo zilivyokwama, kwa sababu hazikuliwa.

Mimi huku nafua nguo. Wengi hapo mnafikiri niko ofisini na tai shingoni, na sikuwahi kuwasahihisha kwa sababu mlionekana kufurahi. Nafua mashuka kwenye nyumba ya kutunza wazee. Nikitoka kazini mchana napitia maktaba ya mji, ambako kompyuta ni za bure, kazi yako ni kungoja zamu. Ndani ya kompyuta hizo kuna mnada. Hakuna vumbi wala mtu anayepayuka bei. Unaweka picha ya kikapu, unaandika maneno mawili matatu ya kukisifu, na watu wa miji ambayo sijaikanyaga wanaanza kupandiana bei wakiwa wamekaa kwao na chai. Cha kwanza kukiweka kilikuwa cha Mama Samba, kile chenye mistari ya rangi ya magome. Niliiona bei ikipanda, ikapanda tena, nikashika ukingo wa meza. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma gazeti pembeni aliniuliza kama naumwa.

Sasa mnunuzi yuko mbali. Hanijui, nami simjui. Hapo katikati imejiingiza kampuni. Mnunuzi anailipa kampuni, kampuni inaniandikia kwenye kompyuta kwamba pesa zako hizi hapa, nami naenda posta kutuma kikapu. Kwa kazi hiyo kampuni inamega kidogo. Mjomba Ngeti, dalali wa ndizi huko Taveta, angeielewa mara moja, kwa kuwa nayo ni dalali na haina jina jingine. Tofauti ni kwamba dalali wa Taveta akikaa na pesa yako unamfuata mpaka kwenye meza yake, unasimama hapo kimya, watu wanatazama, mwisho anaona haya. Huyu wa huku hana meza. Ana namba ya simu, na ukiipiga unachezewa muziki.

Vikapu vyote vilikwisha. Ninyi mlivisuka mkidhani vitachukua mwaka kuuzwa, lakini watu wa huku waliviona wakawa kama nyuki na ua. Pesa zikaingia kwenye kampuni hiyo, za kikapu kimoja baada ya kingine. Nikaziacha zikae humo zijae, nikijisifu kwamba nitazitoa kwa mkupuo mmoja ili nikatwe mara moja badala ya mara kumi. Nilijiona mjanja sana.

Kisha nikafika maktaba mchana mmoja, nikafungua, nikakuta maandishi mekundu. Akaunti yako imezuiwa. Nilidhani ni pesa ya kikapu kimoja. Kusoma vizuri, kumbe ni zote, kila shilingi ya kila mama aliyekaa hapo anasikiliza. Mnunuzi mmoja amelalamika, na mpaka malalamiko yake yachunguzwe, mimi ruhusa yangu ni kuzitazama tu.

Aliyelalamika ni bibi mmoja wa Texas, jina lake Dorothy. Alisema ameuziwa kikapu kichafu. Ndani yake kulikuwa na takataka zimefungwa kwa jani kavu, na alipozifungua alitoka mdudu.

Nawaona mnavyotazamana. Mnajua takataka hiyo ni kitu gani.

Ni pojo. Dada, uliweka pojo, choroko za shambani kwako, katika kila kikapu, kiasi cha kiganja cha mtoto, ukazifunga kwa ganda la muhindi kama mama alivyokuwa akifanya. Na mdudu huyo alikuwa fukusi, maskini ya Mungu, amesafiri bila pasipoti kutoka Rukanga hadi Texas, na alipofika akapigiwa kelele. Wala usijilaumu peke yako. Mimi nilivipokea vikapu hivyo hapa, nikaviona vile vifurushi, nikavinusa hata, nikarudisha kila kimoja mahali pake na kufunga sanduku. Haikunijia kabisa kwamba kuna mtu duniani angeshangaa. Ambacho kingenishangaza mimi ni kikapu kitupu. Tumekua tukiambiwa kwamba chombo hakitolewi kitupu, kwamba ukimpa mtu kikapu kisicho na kitu unamwombea njaa. Basi tulimwombea Bibi Dorothy shibe, naye akatushtaki.

Nikaipigia kampuni. Nilisikiliza ule muziki mpaka nikaujua, halafu akaja msichana mwenye sauti ya upole. Nikamweleza habari ya pojo. Akaniuliza kama nilikuwa nimeandika kwenye tangazo kwamba ndani kuna nafaka. Nikasema hapana. Akasema basi bidhaa haifanani na tangazo. Akataka risiti za waliotengeneza vikapu. Nikamuuliza kama anaijua Rukanga. Akasema hapana, lakini atangoja risiti.

"Bwana, usiwe na wasiwasi," akaniambia. "Pesa zako ziko salama."

"Salama kwa nani?" nikamuuliza.

Akanirudisha kwenye muziki. Siku nyingine nikapiga, nikapata mwingine, nikaanza upya habari ya pojo tangu kupandwa. Wote walikuwa na adabu, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kufanya lolote. Nilikuwa nikirudi kazini nakunja mashuka kwa hasira, mpaka msimamizi wangu akasema sijawahi kuyakunja vizuri namna ile.

Ndipo ukanipigia, Dada, kutoka dukani kwa Bwana Salim pale Voi. Kina mama hawakusikia simu ile, na nadhani hukuwaambia. Mwanzoni uliongea habari za mihogo na bei ya sukari, nami nikajua kuna jambo. Halafu ukasema, na maneno hayo yamekaa nami tangu siku hiyo:

"Mwakio, hiyo cherehani ni ya mama. Nikipita nje ya kwa Mama Samba naisikia ikilia, na mguu si wangu."

Hukulia wala hukunilaumu. Ungenitukana ingekuwa nafuu. Mama Samba, najua binti yako lazima ajifunze kushona, na cherehani ikikaa bure inashika kutu, sina neno. Lakini mimi nilikaa kitandani na simu mkononi hata baada ya kukata. Nilikuwa nakuona unapunguza mwendo pale kwenye ua wa minyaa. Sare za shule za Januari zinakuja, watu wanakuletea vitambaa, na wewe unashona kwa sindano ya mkono chini ya dirisha. Niliona uchungu sana.

Kabla hujakata, Bwana Salim, ambaye ulikwisha kumsimulia habari ya Bibi Dorothy, alichukua simu. Mnajua Kiswahili chake kilivyonyooka, utadhani anapima kitambaa. Akaniambia, "Mwanangu Mwakio, watu wawili wenye shauri hili, wewe na huyo bibi, mmekwisha kuzungumza? Ama mnazungumza na mlinda mlango tu?"

Nikasema ni mlinda mlango tu. Akasema haya, akakata, kwa sababu simu ni yake na bili ni yake.

Nikafikiri sana. Nikakumbuka wewe unavyofanya mteja akilalamika kwamba gauni limembana. Huendi kwa chifu. Hungoji yeye aende kwa chifu. Unachukua sindano na mkasi, unaenda kwake, unamwambia simama nione. Na mimi anwani ya Bibi Dorothy nilikuwa nayo, niliiandika kwa mkono wangu juu ya sanduku. Basi nikanunua karatasi nzuri na nikamwandikia barua. Sikugusia pesa. Nilimwambia kikapu chake kimesukwa na mwanamke anayeitwa Mama Samba, chini ya mlima uitwao Kasigau, na mkonge wake ulitwangwa na kuanikwa kabla ya kusokotwa. Nikamwambia habari ya pojo, kwamba kwetu anayekupa kikapu kitupu hakupendi. Nikamwambia kuhusu mdudu namwomba radhi kwa niaba ya Rukanga nzima, na kwamba akitaka kurudisha kikapu nitamlipia posta. Kiingereza changu alikinyoosha Mutua, yule nesi Mkamba tunayekaa naye, ingawa alitaka kukijaza maneno makubwa na ikabidi tugombane.

Jibu lilikuja kwenye kompyuta. Nalitia kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza. Bibi Dorothy alisema:

"Sikujua ilikuwa zawadi. Nilidhani ni uchafu. Nimeona aibu."

Kisha akaendelea, na hapa Dada shika kitu. Alisema siku ile alipomwona yule mdudu alipiga kelele na kuzimwaga pojo zote kwenye chungu cha maua nje ya mlango wake, ua lenyewe lilikuwa limekufa kiangazi. Mvua ikanyesha. Texas hakuna baridi kama ya huku. Sasa kuna majani ya kijani yamejaa chunguni, na yeye kila asubuhi alikuwa akiyatazama bila kujua ni kitu gani. Akaniuliza ni mmea gani, anaumwagilia kiasi gani, na je, unaliwa. Nilicheka pale maktaba mpaka mama mkutubi akajiwekea kidole mdomoni kuninyamazisha. Pojo za shamba lako, Dada, zile ambazo ndovu walizikanyaga na bado zikazaa, zimeota mlangoni kwa Mmarekani.

Yeye mwenyewe aliiandikia kampuni kwamba hana malalamiko tena, kikapu anakipenda na hakirudishi. Mngedhani siku hiyo hiyo wangefungua. Wapi. Walikaa, wakasema wanahakikisha. Mimi kila mchana nafika, nangoja zamu, nafungua, mekundu yale yale. Nikaanza kuogopa hata kukaa kwenye kiti. Halafu juzi nikafungua na maandishi mekundu hayapo. Nikafunga, nikafungua tena nisije nikawa nimechanganya. Hayapo. Nikatoka nje mbio, koti nikaliacha kwenye kiti, nikasimama katikati ya theluji nikicheka peke yangu na mikono juu. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mbwa alivuka barabara kunikwepa.

Kina mama, pesa zenu zimetoka.

Nimezitoa zote siku hiyo hiyo, na zimeshatumwa. Namba ya kuchukulia nimempa Bwana Salim kwa simu, na nimemwambia asimpe mwingine yeyote ila Mghoi mwenyewe. Sikutaka kumwambia zaidi ya hapo, maana mara ya mwisho habari iliondoka Voi ikiwa moja ikafika Rukanga ikiwa na watoto na wajukuu. Ndiyo sababu nimeandika, na barua nimempa Mutua, ambaye anakuja nyumbani kwa Krismasi na basi lake la Mombasa linasimama Voi. Dada, nenda na kitambulisho chako benki, na Shemeji akusindikize.

Sasa makato, kwa sababu sitaki mtu aje kuyasikia kwa pembeni. Kampuni imekata kwa kupokea. Imekata kwa kunihamishia benki. Imekata hata kwa ule uchunguzi wenyewe, yaani nimelipa ada ya kunyimwa pesa zetu. Nilipoliona hilo nilitaka kupiga simu tena, halafu nikaukumbuka ule muziki. Safari hii makato yote yametoka kwenye mshahara wangu, kwa kuwa pojo nilizirudisha kikapuni kwa mkono huu. Kila mama atapata alichoahidiwa. Lakini safari ijayo nitaongeza bei ili mnunuzi ndiye abebe dalali wake, na pesa ikiingia tu naitoa, siiachi ilale kwa watu. Afadhali nimegwe kila mara kidogo kuliko kufungiwa chungu kizima.

Kwa sababu safari ijayo ipo. Watu wanauliza. Bibi Dorothy peke yake anataka vikapu vya dada zake wote, na dada zake ni wengi.

Na hapa ndipo penye lile jambo nililosema mlisikie. Pojo hatuwezi kuweka tena. Si kwa sababu ya fukusi. Nimeuliza, na sheria ya huku hairuhusu mbegu kuingia kwa posta, wanaogopa magonjwa ya mimea, na kampuni nayo imeniandikia kwamba ikitokea tena wataifunga akaunti moja kwa moja. Naiona sura uliyoiweka, Dada. Najua kikapu kitupu hakitatoka mkononi mwako, hata akija mkuu wa wilaya kukuamuru. Wala sikuombi. Nami siwezi kukituma kitupu, ningejiona namwombea mtu njaa na kumlipisha juu yake.

Basi nimewaza hivi. Ukishona sare, chini ya cherehani panabaki vipande, vile vya buluu na vya kahawia ambavyo wewe unavitia kwenye gunia ukisema vitafaa siku moja. Siku yenyewe imefika. Katika kila kikapu weka kitambaa kimoja kidogo, kikunjwe pindo nne, kishonwe ukingo vizuri kwa mashine, si kwa mkono. Hakina mdudu, hakioti, hakuna sheria inayokizuia, na mpokeaji akifungua atakuta kitu. Nami safari hii nitakiandika kwenye tangazo, kwa herufi kubwa, ili msichana wa sauti ya upole asipate la kusema. Wewe waulize kina mama wanaonaje. Wakiwa na wazo bora kuliko langu nitalifuata, mimi ni mfua nguo tu.

Nisalimie Shemeji Mwadime, mwambie koti nililomtumia ni la baridi, asilivae kanisani kiangazi kwa kutaka kuonekana. Nisalimie Baba, na umsomee sehemu ya mdudu mara mbili kwa sababu atapenda. Nisalimie Shangazi Majala wa Sagalla, ambaye maji anayabeba mbali na bado haachi kuniombea. Mjomba Ngeti mwambie kazi yake imefika Marekani na wanaifanya vibaya. Bwana Salim mfikishie shukrani zangu kwa adabu, na ununue uzi kwake, usiende kwingine hata kama ni nafuu.

Kisha, Dada, ukirudi kutoka benki, usikae kungoja chai. Gawa pesa, kila mama apokee chake mbele ya wenzake. Halafu Mama Samba atasimama, namwomba asimame, ashike upande mmoja wa ile cherehani nawe ushike mwingine, kwa maana chuma chake ni kizito na mama hakutaka iburutwe. Ipelekeni polepole mpaka chini ya dirisha lako. Kitambaa cha kwanza kishone jioni hiyo hiyo, kabla hujapika. Na mimi nikiwa huku nakunja mashuka, nitajua kwamba mtu anayepita nje ya nyumba yako anaisikia ikilia, na mguu ni wako.

Ni mimi mdogo wako, uliyenishonea kaptura ya kwanza kwa mashine hiyo hiyo,

Mwakio